Macho au mstari wa ubavuni: samaki huongozwa vyema na kipi?

Katika maji maangavu macho hushinda kwa umbali na rangi, lakini tope likitibuka hayafai kitu, nayo hula nguvu nyingi mwilini. Mstari wa ubavuni, yaani safu ya viungo vya kuhisi mwendo wa maji kwenye ubavu wa samaki, wenye seli za vinyweleo vinavyopindika maji yakisukumwa, hufanya kazi usiku na mchana, ingawa haufiki mbali. Ajabu kubwa ni samaki vipofu wa mapango ya Meksiko: hupita kando ya mwamba bila kuugusa, wakihisi jinsi maji wanayoyasukuma wenyewe yanavyobadilika, na hukumbuka mpangilio wa vitu. Kwa hiyo anayefuga samaki wanaotegemea macho atunze mwanga na usafi wa maji. Mwenye samaki vipofu asihamishehamishe mawe tangini.