Ndago kwenye ukoka wangu wa Lang'ata: nilichonunua, kilichofanya kazi, na pesa nilizotupa

Kabla hujatoa hata shilingi moja, nenda kwenye ukoka wako, ng'oa shina lililobeba ua la hilo gugu linalokusumbua, ulibiringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Likizunguka laini, hiyo ni jamii ya nyasi. Likigoma, ukasikia pembe tatu, hiyo ni ndago, na nusu ya vitu utakavyouziwa dukani havitaifanya lolote.

Mimi sikulijua hilo. Nilikuja kulijua baada ya miezi tisa na shilingi elfu kumi na mbili na kitu, ndiyo maana naandika.

Uwanja wenyewe si mkubwa, mita 12 kwa 9, mbele ya nyumba. Uko juu ya ule udongo mweusi wa huku kwetu, unaonata kwenye gambuti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza simu wakati wa kiangazi. Tulipohamia tuliambiwa na kila mtu kwamba ukoka hautashika bila udongo mwekundu juu yake. Tukaagiza lori moja kutoka upande wa Kiambu, tukatandaza, tukamwaga samadi, tukapanda nyasi za kikuyu kipande kwa kipande. Miezi sita uwanja ulikuwa wa kupigia picha. Mvua za Machi zikaingia, na kumbe lile lori lilikuwa limebeba wageni.

Ndago utaijua kwa mbio zake. Unakata ukoka Jumamosi, Jumanne imeshachomoza juu ya wenzake, kijani cha kung'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia. Pamoja nayo kilikuja kishona nguo, bila shaka kwenye samadi, na zile zenye majani matatu na maua ya waridi ambazo watoto hupenda kutafuna kwa sababu ya uchachu wake. Hizo nyingine nitazigusa kidogo. Mwenye nyumba hapa alikuwa ndago.

Nilianza kwa kung'oa. Yuko mzee anayekuja kunisaidia bustanini siku mbili kwa wiki, na siku ya kwanza aliponiona nimeinama na beseni alisimama kando akanitazama.

"Mama, hiyo ukiing'oa unaiamsha."

"Mzee, nisipoing'oa si itajaa?"

"Itajaa. Ukiing'oa itajaa haraka."

Nilidhani anatafuta njia ya kukwepa kazi. Nikaendelea kwa wiki tatu, kila jioni beseni moja, na nikiri kwamba kulikuwa na raha yake. Wiki ya nne palipokuwa na mche mmoja pakawa na mitatu. Ndipo mzee akachukua jembe la meno, akalizamisha kama shubiri moja hivi na kuinua tonge zima la udongo, akalivunja mkononi polepole. Ndani mlikuwa na vijitunguu vyeusi ukubwa wa harage, vyenye manyoya ya kahawia, ukikata kimoja ni cheupe ndani na kina harufu kali ya dawa za kienyeji. Vilikuwa vimeungana kwa mizizi migumu kama waya, kimoja nyuma ya kingine, mfano wa tasbihi. Ukivuta jani unakata uzi. Kilichokuwa mbele ndicho kilichokuwa kikiwalaza wenzake, na ukikiondoa, waliolala wanaamka kila mmoja na chipukizi lake. Ndago ikitajwa miongoni mwa magugu sumbufu kuliko yote duniani, sababu ni hiyo tasbihi.

Nilichopaswa kufanya baada ya somo lile ni kutulia. Badala yake nikapiga simu.

Kampuni niliyoiita sitaitaja jina. Walikuja vijana wawili kwa pikipiki moja, pampu ya lita 20 mgongoni, bei shilingi 6,500. Nikauliza kama dawa yao haitaua na ukoka.

"Madam, hii inachagua."

Chupa ilikuwa imebanduliwa lebo. Hapo ndipo ningepaswa kuwarudisha getini na nikawapa chai. Siku ya nane uwanja ukaanza kuwa njano, siku ya kumi na mbili ukawa kahawia kama mkeka wa zamani. Na kitu nilichokiona hapo sitakisahau: kutoka mwisho wa uwanja hadi getini, juu ya ukoka ambao hawakuupiga dawa, kulikuwa na nyayo. Nyayo za gambuti, kushoto kulia, kushoto kulia, kila moja imekauka vizuri kabisa. Yule kijana alikuwa ametembea na dawa kwenye soli.

Mwuzaji wa agroveti nilipomwonyesha picha alicheka kwanza, kisha akaomba radhi. Akasema hiyo ina kila dalili ya glaifoseti, dawa ya kuua magugu, na glaifoseti haichagui. Inaingia kwenye jani lolote la kijani na kushuka hadi mizizini, iwe ndago, iwe ukoka, iwe waridi lako. Ndago iliyokuwa na majani ilikufa, ni kweli. Ila vijitunguu vilivyokuwa vimelala havikuwa na jani la kuipokea, na wiki sita baadaye vilichomoza kwenye uwanja mtupu, bila ukoka wa kushindana navyo. Kampuni nilipowapigia, walijitolea kuniuzia nyasi mpya. Nyota? Sina nyota za kuwapa. Chai yangu niliitamani nirudishiwe.

Vipandikizi vya nyasi nilinunua mwenyewe kando ya barabara kwa wauza miche, shilingi 2,400. Nilirudi kwenye kikuyu ileile kwa sababu inafunika haraka. Inachekesha ukiifikiria: nyasi hii ni ya nyanda za juu za huku kwetu, na Australia na California ambako ilipelekwa kwa makusudi kuna watu wanaohangaika kuing'oa kama mimi ninavyohangaika na ndago.

Mwezi wa Mei nikanunua tu-foo-di, yaani 2,4-D, shilingi 450 chupa ndogo. Hii naisifu kwa kazi yake na kuilaumu kwa jambo ambalo kosa lilikuwa langu. Inaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Kishona nguo kilijipinda siku ya pili na baada ya wiki mbili kilikuwa kimekwisha. Zile za majani matatu ziliungua juu tu, kwa sababu nazo zina vijitunguu chini. Ndago haikushtuka hata kidogo, maana si jani pana na wala si nyasi. Ni jamii yake peke yake.

Sasa kosa langu. Niliipiga saa nne asubuhi, kaupepo kakiwa kameanza. Mama jirani ana bustani ya mboga nyuma ya ua wa michongoma, nyanya, managu na sukuma. Siku tatu baadaye aliniita uani.

"Mama, njoo uone nyanya zangu zimepatwa na nini."

Majani yalikuwa yamejikunja na kusokotana kama vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi. Nilijua pale pale. Ningeweza kunyamaza, nilimwambia. Nilimpelekea kilo nne za nyanya na aibu yangu, akapokea vyote viwili. Kwa hiyo ukiitumia hii, piga alfajiri kabla upepo haujaamka, shusha mdomo wa pampu karibu na ardhi, usipampu kwa nguvu hadi ikatoa ukungu. Na hiyo pampu usiitumie tena kwa mboga, hata ukiisuuza mara kumi.

Juni na Julai sikufanya chochote. Baridi ya Nairobi ya miezi hiyo inazubaisha kila mmea, na dawa inayosafiri ndani ya mmea uliozubaa haifiki mbali. Huo ulikuwa ushauri wa yule mwuzaji wa agroveti, na namshukuru, kwa sababu angeweza kuniuzia kitu.

Aliniuzia Oktoba, vuli ilipoanza. Halosulfuroni, chembechembe kwenye pakiti ndogo, shilingi 1,900. Kazi yake hasa ni kwenye mashamba ya miwa na mahindi, na inalenga jamii ya ndago. Nilikagua lebo safari hii: ipo, haijabanduliwa, ina namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu na magugu, maelezo ya Kiingereza na Kiswahili, na tarehe ya mwisho haijapita. Usikubali kupimiwa dawa kwenye chupa ya soda, hata kama ni nusu ya bei.

Lalamiko langu kubwa kuhusu dawa hii ni kipimo. Imetengenezwa kwa mwenye shamba. Kipimo kimeandikwa kwa hekta, mimi nina mita za mraba 108, yaani kama sehemu moja ya tisini na tatu ya hekta. Kinachobaki ukigawanya ni punje za kuhesabu. Mizani ya jikoni haikusoma kitu. Nilinunua mizani ndogo ya aina ya masonara, shilingi 1,200, ndipo nikapata gramu yangu isiyotimia. Usikisie kwa kijiko. Ukizidisha, ukoka wenyewe utaumia. Ongeza shilingi 300 za ile wauzaji huita stika, ya kufanya dawa ishike kwenye jani, kwa sababu jani la ndago lina nta na maji matupu yanateleza kama kwenye jani la mgomba.

Nilivyofanya: sikukata ukoka siku mbili kabla, ili ndago iwe na majani ya kunywea dawa. Nikaipiga asubuhi tulivu, glavu, barakoa, gambuti, watoto na mbwa ndani. Lebo ilitaka mvua isinyeshe kwa muda wa saa nne. Ilinyesha jioni, nikapumua. Sikukata siku mbili zilizofuata. Gambuti nilizivua palepale ukingoni mwa uwanja. Nyayo zilinifundisha.

Halafu hakuna kilichotokea. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo wengi huenda wakaharibu kwa kurudia dawa. Siku ya tano ndago ilikuwa ileile. Siku ya tisa nikamwambia mzee tumeibiwa tena.

"Mama, pima urefu wake."

Kweli, ukoka ulikuwa umepanda na ndago imebaki palepale ilipokuwa. Ilikuwa imeacha kukua. Mwisho wa wiki ya pili katikati ya kila mche pakawa na rangi ya njano iliyopauka, wiki ya tatu ikawa kahawia kutoka moyoni kwenda nje. Kikuyu ilipauka kidogo mahali nilipopishanisha mapito ya pampu, ikarudi yenyewe baada ya wiki mbili. Nilichimba mche mmoja kwa udadisi: kijitunguu cha juu kilikuwa kimelainika na kuwa rangi ya chai, cha pili pia, cha tatu bado kigumu.

Hicho cha tatu ndicho sababu ya kupiga mara ya pili, wiki sita baadaye, mwishoni mwa Novemba. Sikupiga uwanja wote, nilifuata palipochomoza tu. Kandokando ya njia ya saruji, ambako ukoka ni mwembamba, mzee alichimba kwa jembe la meno akachekecha udongo kwa wavu wa kuku uliokunjwa mara mbili. Vijitunguu tulivijaza kopo la maziwa ya unga tukavichoma. Kwenye rundo la mboji haviozi, vinapumzika.

Tumeinua pia kisu cha mashine ya kukatia, ukoka sasa unabaki kama urefu wa vidole vitatu. Unatia kivuli chini na chipukizi zinahangaika.

Nikipanga kwa nyota: halosulfuroni nne kwa tano, na hiyo moja imekatwa na kipimo cha hekta. 2,4-D tatu, kwa kazi ambayo si ya ndago. Kung'oa kwa mkono moja, ya mgongo wangu. Mzee namlipa kwa siku, hapimwi kwa nyota.

Jumamosi iliyopita nilihesabu miche kumi na mmoja, yote karibu na bomba linalovuja. Bomba limerekebishwa. Nusu ya pakiti bado iko juu ya kabati la stoo, ndani ya kopo lenye kufuli, nami nilikuwa tayari nimevaa glavu mzee aliponizuia. Anasema tungoje zifikishe majani manne au matano, ili ziwe na mdomo wa kunywea. Safari hii sikubishana naye. Nilivua glavu nikaenda kuchemsha chai.