Uzoefu wangu: kozi ya likizo ya Kireno na utamaduni wa Brazili mjini Salvador

Kozi niliyosoma ni ile ya likizo ndefu, inayoanza mapema Juni na kumalizika katikati ya Julai, katika jiji la Salvador, makao makuu ya jimbo la Bahia, kaskazini mashariki mwa Brazili. Ada yake inajumuisha masomo ya Kireno kila asubuhi ya siku za kazi, vipindi vya utamaduni mchana, chumba katika nyumba ya familia, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Tiketi ya ndege, viza, chanjo ya homa ya manjano, nauli za mjini na chakula cha mchana ni juu ya mwanafunzi mwenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga ninayesoma Marekani, na chuo changu kilikubali kuzihesabu alama za kozi hii, jambo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulithibitisha kwa maandishi kabla ya kulipa. Kwa maoni yangu kozi inastahili gharama yake, ila si kwa sababu zinazotajwa katika vipeperushi. Ilikuwa bora kila ilipotupeleka mahali ambapo watu wa Bahia walikuwa wakifanya shughuli zao wenyewe, na ikafifia kila ilipojaribu kututengenezea utamaduni wa kutazamwa.

Nianze na lugha. Walimu walizungumza Kireno kitupu tangu siku ya kwanza, na hilo nawapongeza. Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia darasani akiwa na faida ambayo sikuitarajia: kitenzi cha Kireno hubeba nafsi ndani yake, hivyo falo (nazungumza), fala (anazungumza) na falamos (tunazungumza) hujitosheleza bila kiwakilishi, na kivumishi hufuata jina kwa idadi na jinsia, kama katika as casas brancas, nyumba nyeupe. Wanafunzi wenzangu Wamarekani waliuona upatanisho huo kuwa mzigo mzito, lakini mtu aliyekulia katika ngeli zetu hawezi kutishwa na jinsia mbili tu. Kilichonihangaisha ni sauti za puani, kama zilizomo katika pão (mkate) na mãe (mama), na nyakati mbili zilizopita, fiz (nilifanya) na fazia (nilikuwa nikifanya), ambazo mwanzoni nilizichanganya kila nilipotaka kusimulia jambo. Matamshi ya Salvador nayo yanahitaji sikio, kwani te na de za mwisho wa neno hutamkwa chi na ji, na mtu aliyejifunza vitabuni tu anaweza kusikia noite (usiku) na cidade (jiji) bila kuyatambua.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya Kireno changu niliipata nyumbani. Familia iliyonipokea inaishi katika mtaa wa Garcia, karibu na uwanja wa Campo Grande, na mwenye nyumba ni mama mstaafu ambaye hakuwa na subira na mgeni anayenyamaza mezani. Kila usiku tulitazama tamthilia ya televisheni, naye alitoa hukumu yake juu ya kila mhusika kwa sauti, kisha akanitaka nitoe yangu na kuitetea. Sijawahi kupata zoezi la sarufi lililonilazimisha kusema mengi kiasi hicho. Jikoni kwake kulikuwa na saa ya ukutani iliyonifurahisha kwa sababu nyingine: Salvador iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili, hivyo tarakimu ya saa yao ndiyo saa yetu ya Kiswahili. Ilipoonyesha 1 mchana, nilijua Tanga ni saa moja usiku na kwamba mama yangu amekwisha kuswali Magharibi, nami ningeweza kumpigia simu bila kufanya hesabu yoyote.

Katika kona ya barabara, jioni, aliketi mwanamke aliyevaa nguo nyeupe pana na kilemba, akiuza acarajé. Kunde hulowekwa, humenywa maganda, husagwa pamoja na kitunguu na chumvi, na rojo lake hupigwa kwa mwiko mrefu wa mti mpaka liumuke na kuwa jepesi. Kisha hutekwa kwa kijiko na kudondoshwa katika mawese yanayochemka, ambayo wao huyaita dendê. Bonge likiiva hupasuliwa katikati na kujazwa vatapá, ambayo ni uji mzito wa mkate, kamba wakavu, karanga, korosho na tui la nazi, kisha huongezwa bamia zilizopikwa, kachumbari ya nyanya mbichi na pilipili kwa anayeitaka. Mtu wa pwani yetu anayezijua bajia za kunde haelezwi kitu hapo. Anashangaa tu jinsi mapishi yanavyofanana huku mafuta na viungo vikibadili ladha yote. Kazi ya wanawake hawa iliandikishwa kuwa urithi wa taifa la Brazili mwaka 2005, na chakula chenyewe pia hutolewa kwa miungu katika dini ya Candomblé. Mwalimu wetu alitutaka tuagize wenyewe na kuuliza maswali, naye akasimama pembeni bila kutafsiri. Kipindi hicho kimoja kilikuwa na faida kuliko mihadhara yote ya chakula.

Kilele cha kozi kilikuwa sikukuu mbili. Ya kwanza ni São João, ambayo mkesha wake huangukia Juni 23, na ambayo watu wa kaskazini mashariki huipenda kama wengine wanavyoipenda Karnivali. Tulipelekwa Cachoeira, mji wa kale kando ya mto Paraguaçu, ambako mioto ya kuni ilikuwa ikiwaka mbele ya nyumba, na watoto wakilipua fataki barabarani. Mahindi na karanga za kuchemsha ziligawiwa hata kwa mpita njia asiyemjua mtu. Muziki wake ni forró, unaopigwa kwa kodiani, ngoma ya zabumba na pembetatu ya chuma, na huchezwa wawili wawili. Hakuna aliyetuchezea ngoma tukae tutazame. Mabibi wenye umri wa nyanya yangu walitushika mikono na kutusahihisha miguu, na maelekezo yote yalikuwa kwa Kireno cha kasi, huku muziki ukiendelea.

Ya pili ni Julai 2. Brazili ilijitangazia uhuru Septemba 7, 1822, lakini majeshi ya Ureno yalibaki Salvador mpaka yalipoondoka Julai 2, 1823, na kwa watu wa Bahia hiyo ndiyo siku ya uhuru wa kweli. Maandamano huanzia Lapinha, hupita Pelourinho, mtaa wa kale wa jiji, na kuishia Campo Grande, yakiongozwa na magari ya kukokotwa yenye sanamu za Caboclo na Cabocla, wenyeji wa asili wanaowakilisha wananchi waliopigana. Shule za mitaa hupita na bendi zao, vyama vya wafanyakazi na vya siasa huja na madai yao, na wazee huigusa sanamu na kuacha barua za maombi. Mama mwenye nyumba alinieleza habari za Maria Quitéria, aliyevaa kiume na kujiunga na jeshi la kupigania uhuru, kana kwamba alikuwa jirani yake. Nilimwelewa mwanzo hadi mwisho, nami nilipotambua hivyo nilifurahi mno.

Kuhusu historia, mwalimu wa vipindi vya mchana alikuwa hodari. Alitufundisha Pelourinho kama mahali pa uchungu na vilevile pa uzuri, katika jiji lililoanzishwa mwaka 1549 na kuwa makao makuu ya koloni mpaka 1763, na katika nchi iliyofuta utumwa mwaka 1888 tu. Somo lililonigusa zaidi ni uasi wa Wamalê wa Januari 1835, ulioandaliwa na Waafrika Waislamu wa Salvador katika mwezi wa Ramadhani. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa na polisi kulikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu. Mimi niliyesoma madrasa Tanga sikuwahi kusikia habari hiyo hata siku moja. Mafunzo ya capoeira, mchezo wa mapigano unaochezwa kwa muziki, nayo yalikuwa mazuri, hasa kwa sababu mwalimu alisisitiza nyimbo na berimbau, ala ya uzi mmoja yenye umbo la upinde, sawa na mateke, na kutukumbusha kwamba sheria ya jinai ya mwaka 1890 iliufanya mchezo huo kuwa kosa.

Waandaaji, ambao sitawataja, walipungukiwa katika mambo mawili. Mtihani wa kuwapanga wanafunzi madarasani ulikuwa wa haraka mno, hivyo waliokwisha kusoma Kihispania waliwekwa pamoja na wasiojua salamu, na darasa likaenda mwendo usiowafaa wote. Pia tulilipishwa nyongeza kwa ajili ya jioni ya ngoma na vyakula katika mkahawa wa watalii, ambako wasanii wenye vipaji vikubwa walikatishwa kila mchezo baada ya dakika chache ili waingie wengine. Nilisikitika kwa niaba yao. Jioni hiyohiyo, iliyokuwa ya Jumanne, bila malipo yoyote, kanisa la Rosário dos Pretos lililojengwa na udugu wa Waafrika lilikuwa na ibada yake inayoimbwa kwa ngoma, na ratiba yetu haikulitaja.

Mambo ya kawaida ni machache. Juni na Julai ni miezi ya mvua Salvador, kwa hiyo koti jepesi la mvua ni la lazima. Malipo mengi hufanywa kwa simu kupitia Pix, mfumo ulioanza mwaka 2020 ambao kwa kawaida huhitaji akaunti ya huko, hivyo beba kadi na fedha taslimu kidogo. Mchana kula kwenye mikahawa inayopima sahani kwa kilo. Utashiba wali, maharage na samaki kwa bei ya haki. Simu usiitoe ovyo barabarani.

Wanaohitaji Kireno kwa kazi za Msumbiji wafahamu kwamba watajifunza lafudhi na msamiati wa Brazili: basi ni ônibus, wakati Maputo watasikia machimbombo. Watazoea, lakini si siku moja. Na cheti cha kozi si Celpe-Bras, mtihani rasmi wa serikali ya Brazili, ambao una kazi za kuandika zinazotokana na video, sauti na maandishi pamoja na mazungumzo ya ana kwa ana. Muulizeni mwandaaji yeyote kama kozi yake inaandaa kwa mtihani huo, kama malazi ni ya familia au bweni, na kama tarehe zake zinagusa Juni 23 na Julai 2. Kozi inayofungwa Juni 20, hata ikiwa na punguzo la bei, mimi nisingeilipia.