Miezi minne na LeechBlock, kitochi na droo ya fundi cherehani

Naanza na hasara maana ndo iliyonifikisha huku kwenye kujifungia mtandao. Mwezi wa saba, hai sizoni, msimu wa watalii wengi, imepamba moto, niko kwenye fremu yetu hapa Sakina, Arusha, natengeneza kotesheni ya safari ya familia ya watu wanne, Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, siku sita. Nikafungua ukurasa wa pili niangalie tu dola imeamkaje. Basi. Nakuja kushtuka lisaa limoja na nusu limekatika naangalia video ya mtu anaosha mazulia, mazulia yani, na mimi kwangu sina hata zulia. Nikamalizia mbiombio nikatuma, mgeni akakubali siku hiyohiyo, nikafurahi weee, kumbe nimesahau kuweka ile ada ya gari kushuka kreta ya Ngorongoro, dola 295 ukijumlisha na VAT. Bosi hakugomba. Aligeuza kompyuta yake upande wangu akaweka kidole pale palipotakiwa kuwa na ule mstari, akasubiri niseme kitu. Nililipa kwa awamu tatu.

Nina ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, na sijajipa mwenyewe baada ya kuangalia video mbili mtandaoni. Nilienda kwa daktari wa afya ya akili nikiwa na miaka 31, na nilienda kwa sababu ya kukosa usingizi, yeye ndo akaanza kuniuliza mambo ya shule ya msingi mpaka nikashangaa. Akanielewesha kwamba hii hali haiwezi kukuanza ukubwani, dalili lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na kwa mtu mzima wanataka angalau dalili tano na ziwe zinakuharibia maisha sehemu zaidi ya moja, sio kazini tu au nyumbani tu. Tukampigia mama, yuko Machame, nikaweka spika. Mama akacheka. "Huyo? Namtuma chumvi anarudi na mtoto wa paka." Nyumbani jina langu lilikua Mapepe. Mambo ya dawa siyaongelei hapa, hayo kila mtu na daktari wake, mimi naongelea vitu nilivyotumia kupambana na mtandao.

Watu wanadhani ni kupenda sana simu. Hapana. Mimi mkono unatangulia, akili inafika baadae. Nikikwama kwenye imeili ngumu kidogo, labda mgeni kauliza kitu nisichokua na jibu lake, vidole vinakua vimeshaandika "you" na kompyuta imeshamalizia yenyewe, na hapo sijaamua chochote bado. Halafu ukishaingia hakuna mwisho, ule ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukishuka. Aliyeubuni, Aza Raskin, mwaka 2006, mwenyewe alikuja kusema anajuta. Gazeti linaisha, redio inafika taarifa ya habari, hii kitu haiishi, na mtu mwenye mapepe anahitaji kitu kiishe ndo akumbuke alikua wapi.

Cha kwanza nililipia programu moja ya kufunga simu, ya mwaka mzima, jina silitaji. Ilikua na kitufe cha dharura. Kwangu mimi kila kitu ni dharura, so unaweza kujua iliishaje.

LeechBlock nimeipata baada ya hapo na ndo nataka kuielezea vizuri. Ni ya bure, inakaa ndani ya brauza, Firefox, Chrome au Edge. Unaandika orodha ya tovuti zinazokumaliza, unaiambia siku gani na saa ngapi ifunge, au unajipa dakika kadhaa kwa siku zikiisha imeisha. Unaweza kuwa na mafungu ya tovuti hadi 30, mimi nina matatu, la video, la magazeti, na la "vingine" ambalo nitalifikia. Kujaza masaa ndo nilipochemka siku ya kwanza maana inataka masaa kwa mtindo wa 0900-1700, mimi kwa mazoea nikaweka 0300-1100, yani saa tatu mpaka saa kumi na moja. Kumbe nimefunga kuanzia saa tisa usiku, watu wamelala. Ilipofika saa tano asubuhi kila kitu kikafunguka na mimi nikakichukulia kama zawadi. Siku mbili nzima nawaza mbona hii kitu haina maajabu.

Ila kilichonisaidia sio kufungiwa kabisa. Ukinifungia kabisa nabishana, natafuta dirisha. Kuna sehemu ya kuchagua kwamba badala ya kukataa, ikucheleweshe, unakuta ukurasa unahesabu sekunde 60 ndo unaruhusiwa kuingia, na kuna kiboksi ukikiwekea tiki, ukikimbilia ukurasa mwingine hesabu inafutika. Sekunde 60 jamani. Nusu ya hizo tu akili inakua imefika, nasema aah, kwani nilikua nakuja kufanya nini huku? Mara nyingi sina jibu nafunga. Mara nyingine nina jibu kweli, mgeni ametuma video ya kambi anayoitaka, basi nasubiri naingia naangalia natoka.

Na ukitaka kwenda kubadilisha mipangilio yenyewe unaweza kuiwekea ikudai uandike msimbo, nilichagua ule wa herufi 64. Unaweza kufanya uonekane kama picha ili usiunakili, uandike kwa mkono wako. Siku moja usiku nyumbani nikasema leo nafungua, nimefanya kazi sana nastahili. Nikaanza. Herufi kubwa, ndogo, namba, zimechanganyika kama nywila ya benki ya majini. Nikifika katikati nakosea narudia. Mara ya tatu nikawa nazisoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea, mume wangu akaja mlangoni akauliza, "Unamsomea nani?" Nikacheka mpaka nikaacha, nikaenda kulala zangu.

Sasa mapungufu, au tuseme ujanja wangu mwenyewe. Inafanya kazi kwenye brauza uliyoiweka tu, kwa hiyo wiki ya pili nikagundua kompyuta ina brauza nyingine ambayo siitumiagi, nikawa mgeni mwaminifu kule. Nikaiweka na kule. Halafu mapepe yanahama nyumba. Nilipofunga video nikahamia magazeti, nilipofunga magazeti nikajikuta naperuzi bei za viwanja Usa River, sina hela ya kiwanja, baadae ikawa ni kusoma habari za nyati na kwa nini fisi jike ni mkubwa kuliko dume, na hiyo ni mbaya zaidi maana naweza kujidanganya ni kazi. Ndo fungu langu la "vingine". Kila Ijumaa naliongezea kitu.

Kwa kompyuta naipa nyota nne. Simu ni vita tofauti.

Kwenye simu nilinunua kitochi, simu ndogo ya vitufe, elfu thelathini na kitu pale mjini, nikahamishia laini yangu. Mama ananipata, mume ananipata, M-Pesa unapiga *150*00# kama zamani, chaji inakaa siku nyingi, umeme ukikatika nina tochi. WhatsApp ya wageni nikaiacha kwenye simu kubwa na kompyuta ya ofisini. Raha ilidumu mpaka shangazi alipopiga simu. "We mwanangu, umetutenga? Kikao cha harusi watu wamechanga, jina lako tu ndo halina kitu." Grupu la ukoo, nilikua sijalifungua siku kumi na moja. Mwambie shangazi kwamba ni ushauri wa daktari, akakuelewa? Ilibidi nichange na nipeleke soda kreti mbili juu. Kwa hiyo sasa hivi kila jioni saa kumi na mbili nafungua grupu la ukoo kwenye simu kubwa, robo saa, nasema hongereni, poleni, amina, natoka.

Lakini mchana hiyo simu kubwa ikikaa mezani hata imezimwa naisikia. Hapo ndo akaingia fundi.

Fremu ya jirani na yetu yuko mzee mmoja fundi cherehani, anashona sare za shule na magauni ya kitenge. Siku moja nilikua nalalamika mlangoni kwake, akavuta droo ya nyuzi akasema weka humo. Nikadhani utani. Tangu siku hiyo naingia asubuhi, "Shikamoo mzee," "Marahaba binti, lete," naiweka katikati ya nyuzi na vifungo anasukuma droo. Nikija kuichukua hanikatalii hata siku moja, anasimamisha cherehani kwanza, anavua miwani, ananiuliza, "Ya nini sasa hivi?"

"Nacheki kitu tu mzee."

"Kitu gani?"

Hapo ndo ninaposimama na mdomo wazi. Nikiwa na jibu, mfano mgeni yuko uwanja wa ndege wa KIA hamuoni dereva, anatoa simu haraka kuliko mimi. Nikiwa sina ananiangalia kidogo anavaa miwani anaendelea na mshono, na mimi narudi kwenye kompyuta, na zaidi ya hapo ile sauti ya cherehani yake ukutani inanishika nafanya kazi vizuri kuliko kimya. Zile dakika 25 za Pomodoro, unafanya kazi dakika 25 ndo unapumzika kidogo, nilishazijaribu, nikazishindwa. Mimi nahesabu sketi. Sketi moja ikiisha kushonwa na mimi kotesheni moja iwe imetoka.

Simlipi. Namletea chai na chapati saa nne, na juzi nimemwandikia kibao cha bei kwa kompyuta. Hana nyota, hajui hata kama anafanyiwa uchambuzi.

Leo ana msiba Ngaramtoni, ameondoka saa saba akafunga fremu, na simu yangu imo ndani ya droo. Nimesimama pale mlangoni kama dakika nzima naangalia kufuli. Kotesheni mbili zimetoka tangu saa hiyo, ya tatu nimeikatisha ili niandike hii, na kitochi kinaita hapa, ni shangazi.