Skeitibodi ya kwanza kwa lami na chumvi ya Unguja: uzoefu wangu wa vifaa

Nimetumia seti mbili hapa mjini. Moja ni ya duka la vitu vya watoto, ile inayokuja imefungwa nailoni na kupambwa stika. Nyingine niliagiza kipande kimoja kimoja nikaifunga mwenyewe. Ya kwanza simshauri mtu, hata kwa mtoto wa miaka sita. Ya pili inafaa, ingawa nayo ina sehemu ambazo hewa ya bahari huzila mapema kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Bei sitaji, maana hupanda na kushuka kwa nauli ya mzigo, lakini nitasema pesa iende wapi kwanza.

Iende kwenye magurudumu. Wanunuzi wengi wapya huanza na picha iliyochorwa chini ya ubao, na picha hiyo hufutika wiki za mwanzo tu. Gurudumu lina vipimo viwili: kipenyo kwa milimita, na ugumu, ambao ni namba inayofuatwa na herufi A. Vijana unaowaona kwenye video wakiruka ngazi hutumia 52 hadi 54 mm, ugumu wa 99A au zaidi. Hayo yametengenezwa kwa saruji iliyopigwa ikalainika. Kwenye lami yetu yenye kokoto zilizochomoza utasikia mtikiso hadi kwenye meno, na kijiwe kama punje ya choroko kinatosha kulizuia gurudumu ghafla: ubao unasimama, wewe unakwenda. Ndivyo wanaoanza wengi wanavyoanguka, na si kwa kukosa ustadi.

Kwa hapa nimeridhika na 58 mm zenye ugumu wa 78A. Hupita juu ya mchanga mwembamba uliopeperushwa barabarani, huvuka viungo vya matofali ya njia za miguu, na hazipigi kelele za kuwaamsha wazee waliojilaza adhuhuri. Ubaya wake upo. Gurudumu laini halitelezi kwa ubavu, kwa hiyo mwenye nia ya michezo ya kuruka na kuteleza atalichoka haraka. Pia gurudumu kubwa huweza kugusa ubao ukiegemea upande mmoja, na likigusa linakwama papo hapo. Dawa yake ni kuweka kipande cha plastiki ngumu cha mm 3 kati ya traki (kile chuma kinachobeba magurudumu) na ubao. Ukikiweka, boliti za inchi 1 zinakuwa fupi. Chukua za inchi 1 na 1/8. Zinahitajika nane, nne kila traki.

Gurudumu la kweli ni la poliurethani. La vitu vya watoto mara nyingi ni plastiki tupu. Kulijua ni rahisi: liangushe sakafuni. La plastiki hulia na kulala, la poliurethani hudunda. Kisha libonyeze kwa ukucha. La 78A hubonyea kidogo na kurudi.

Traki ndiyo sehemu ya pili ya kulipia. Chuma hicho kinachobeba ekseli kina bamba la chini, mkono, boliti kuu na bushi mbili, yaani mipira inayouwezesha ubao kulala upande na kugeuka. Kwenye ile seti ya dukani bamba lilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Ligonge kwa sarafu usikie: aluminiamu hulia, plastiki hutoa sauti butu. Angalia pia kama boliti kuu ina nati inayofunguka. Ikiwa imepigwa ribiti, huwezi kubadilisha bushi wala kurekebisha chochote, na traki hiyo itapinda upande mmoja daima.

Upana wa ekseli ufuate upana wa ubao. Ubao wa inchi 8.0 unataka ekseli ya inchi 8.0, tofauti ya robo inchi haina madhara. Tahadhari na namba za traki, kwani kila kampuni ina hesabu yake. Kwa Independent, kwa mfano, 139 ni ya ubao wa inchi 8.0 na 149 ni ya 8.5. Ekseli ikiwa fupi sana ubao hupinduka ukikanyaga ukingo. Ikiwa ndefu, kisigino hupiga gurudumu.

Bushi zinazokuja na traki kwa kawaida huwa na ugumu wa karibu 90A, na mtu mzima wa kilo 60 hadi 75 atazigeuza vizuri. Mtoto wa kilo 25 hawezi kuzilaza, ubao kwake unakwenda moja kwa moja tu. Hapo watu hulegeza nati ya boliti kuu hadi bushi zinacheza ndani ya vikombe vyake, kisha wanashangaa ubao unayumba ukishika kasi. Usilegeze kupita pale nyuzi za boliti zinapofika usawa wa nati. Badilisha bushi, weka laini zaidi, chini ya 85A.

Kuhusu spana, fundi baiskeli wa mtaani ana karibu zote. Nati za ekseli ni nusu inchi, spana 13 inazifaa. Nati ndogo za boliti za ubao ni 3/8, na 10 inacheza kidogo lakini inafunga. Nati ya boliti kuu ndiyo yenye ukorofi: ni 9/16, spana 14 mara nyingi haiingii na 15 inazunguka bure na kula pembe. Tafuta spana ya inchi, au chukua spana malaya nzuri isiyolegea.

Ubao wenyewe hauna mengi. Tabaka saba za mbao ya mepo, upana wa inchi 7.75 hadi 8.25 kwa mtu mzima, karibu 7.0 hadi 7.25 kwa mtoto mdogo. Mwenye mguu wa namba 42 kwenda juu achukue 8.25. Uuweke sakafuni uutazame kwa pembeni. Ukiona pembe moja imenyanyuka, umeshapinda ukiwa ghalani, uache. Adui yake ni maji. Wakati wa masika usiupitishe kwenye madimbwi, kwa sababu maji huingilia kwenye matundu ya boliti na kwenye kingo zilizokwaruzika, tabaka huachana, na hapo haurekebishiki. Ukilowa, ukaushe kivulini ukiwa umesimama wima. Ukiuanika juani upande mmoja hutangulia kukauka na ubao hujikunja.

Juu hubandikwa msasa maalumu wa kushika viatu. Naona watoto wengi hapa hupanda pekupeku au kwa ndala. Pekupeku msasa ule huchuna nyayo, na ndala hunasa. Raba yenye soli bapa inatosha. Ya suede hudumu kuliko ya turubai kwa sababu msasa huikata turubai haraka. Viatu vya kukimbilia, vyenye soli nene iliyoinuka kisigino, havifai: huwezi kuusikia ubao, na kifundo cha mguu hupinduka kwa urahisi.

Sasa beringi, na hapa ndipo Unguja inapotofautiana na maelezo yote yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu. Beringi za skeitibodi ni saizi 608: tundu la ndani mm 8, upana wa nje mm 22, unene mm 7. Zinahitajika nane, mbili kila gurudumu. Kwa kuwa 608 ni saizi ya kawaida ya mashine ndogondogo, unaweza kuzikuta kwenye maduka ya spea bila kuagiza popote. Usikubali kuuziwa 6000 kwa maneno ya “zinafanana”. Hiyo ina tundu la mm 10 na haitakaa.

Wauzaji hupenda kukutajia ABEC 7 au ABEC 9. Hicho ni kipimo cha usahihi wa utengenezaji kilichowekwa kwa ajili ya mashine, hakisemi lolote kuhusu kustahimili kuruka, vumbi wala chumvi. Pesa ya ABEC 9 iweke kwenye kizibo. Beringi yenye alama ya 2RS ina vizibo vya mpira pande zote mbili, na yenye ZZ ina vya chuma. Kwa mchanga wetu mweupe, ambao ni laini na hujipenyeza kila mahali, chukua 2RS. Kizibo cha mpira pia hutoka kwa ncha ya sindano na kurudi bila kupinda, jambo ambalo cha chuma mara nyingi halikubali. Ukipata za chuma kisichoshika kutu, bora zaidi kwa mtu anayekaa karibu na pwani.

Utajua zimekwisha kwa sauti. Gurudumu linalozungushwa kwa kidole likikwaruza, au likisimama baada ya mizunguko michache, kuna mchanga au kutu ndani. Utaratibu wa kusafisha ni huu. Fungua nati ya ekseli, vuta gurudumu nusu ili ncha ya ekseli ishike beringi moja tu, kisha ulisokote kwa pembeni litoke. Toa kizibo. Loweka beringi kwenye spiriti, tikisa, mwaga uchafu, rudia mpaka spiriti ibaki safi. Mafuta ya taa nayo hutoa uchafu lakini huacha utando, kwa hiyo malizia na spiriti. Zikaushe kabisa kwa kitambaa na upepo, siku hiyohiyo, maana chuma kitupu hapa hushika kutu usiku mmoja. Halafu tia matone mawili ya mafuta ya cherehani, zungusha, rudisha kizibo.

Dawa za kopo za kufungulia nati zilizoganda watu huzipuliza wakidhani ni mafuta. Zinaosha grisi iliyokuwamo na kukauka, na beringi hubaki uchi. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya zaidi, yanaganda kama gundi. Kwa maoni yangu anayeanza aweke grisi nyepesi kidogo badala ya mafuta. Gurudumu litakuwa zito kuzunguka, na kwa mtu anayejifunza kusimama hilo si hasara. Faida ni kwamba grisi huzuia chumvi kwa muda mrefu zaidi.

Unapofunga, usisahau kibomba kidogo cha kati kinachotenganisha beringi mbili, na wosha nyembamba kila upande wa gurudumu. Kaza nati hadi gurudumu ligome kuzunguka, kisha irudishe robo mzunguko. Nati za ekseli zina pete ya nailoni ndani. Zikifunguliwa mara nyingi hulegea, na gurudumu linaweza kutoka njiani. Nunua nne za akiba.

Kinga. Helmeti itafutwe yenye maandishi EN 1078 au CPSC kwa ndani, ambazo ni alama za viwango vya usalama; ya ASTM F1492 ni ya skeiti hasa, imekusudiwa kuhimili mipigo zaidi ya mmoja. Ile ya baiskeli yenye povu gumu jeupe hutumika kwa kishindo kimoja kikubwa, baada ya hapo itupwe hata kama haionyeshi ufa. Pima kichwa kwa futi kamba ya fundi cherehani, vidole viwili juu ya nyusi. Kwa wasichana, pima mkiwa mmeshavaa mtandio mtakaopandia, uwe mwembamba, na pini isikae chini ya helmeti. Kamba ya kidevuni ipitishe kidole kimoja tu.

Kwenye mitumba hutokea helmeti za ubao wa theluji zenye masikio ya sponji, alama yake EN 1077. Zinapendeza na ni rahisi, lakini zimetengenezwa kuhifadhi joto. Mtoto ataivua baada ya dakika kumi, na helmeti iliyo mkononi haimlindi. Ya bodaboda nayo ni nzito kwa shingo ya mtoto na huziba masikio.

Kama pesa haitoshi vyote, baada ya helmeti nunua vilinda viganja vyenye bamba gumu, kabla ya vya magoti na viwiko. Anayeanza akianguka hutanguliza mikono, na kifundo cha mkono ndicho huvunjika.

Kabla ya kulipa, simama juu ya ubao ukiwa kwenye zulia au majani. Mguu wa kushoto mbele au wa kulia, vyote ni sahihi; ni ule unaokuja wenyewe. Anayepanda kaiti baharini kule Paje huenda tayari anaujua upande wake. Kuhusu pahala, vichochoro vya Mji Mkongwe viache: mawe hayalingani, na vespa hutokea konani bila honi. Uwanja wa basketi wa saruji, wa skuli au wa mtaa, asubuhi kabla ya jua kali, hauna mfano, mradi umeomba ruhusa na umepiga ufagio mchanga.

Hukumu yangu: magurudumu ya 58 mm 78A nyota tano, traki za aluminiamu nyota tano, ubao wa mepo nyota nne kwa sababu ya masika, beringi za seti niliyoifunga mwenyewe nyota mbili. Seti ya dukani nyota moja, na hiyo ni ya stika. Kwa walioko Pemba ninaongeza moja: vilima vya huko si vya kujifunzia. Skeitibodi haina breki. Husimamishwa kwa mguu wa nyuma kuburuzwa chini, na hilo lifanye kwanza kwenye uwanja tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mpaka uweze kusimama pale ulipokusudia.