TV nzuri, lakini yule fundi sitamsahau

Niseme mapema: TV yenyewe sina ugomvi nayo. Ni inchi 43, niliinunua Kariakoo kwa hela ya mchezo zamu yangu ilipofika, na nilimnunulia mume wangu. Mzee alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na siku alipofunguliwa bandeji alisema sasa Simba na Yanga ataiona vizuri. Ndiyo maana nikachukua HD, ile ya picha kali, na king'amuzi nacho nikabadilisha kikawa cha HD.

Dukani walinipa fundi wa kuja kufunga, elfu thelathini juu ya bei. Alifika jioni, ana haraka, simu haimtoki sikioni. Akatoboa ukuta, akatundika, akachomeka, picha ikatokea. Nikamwambia, "Fundi, mbona ina ukungu? Dukani haikuwa hivi." Hakugeuka hata kuangalia. "Mama, TV ndivyo zilivyo, mtazoea. Au ni macho hayo, nendeni mkapime."

Alisema hivyo mbele ya mzee!

Kwa wiki kama tatu mume wangu aliamini jicho limerudi kulekule. Kila siku akawa anasogeza kiti, hadi magoti yakakaribia kugusa ukuta, na bado namba za jezi zilikuwa madoa, na matokeo pale juu kwenye kona yamekatwa nusu. Mwisho akaacha hata kulalamika. Akawa anasikiliza mpira redioni, chumbani, TV mpya imezimwa sebuleni.

Aliyetuokoa ni mtoto wa dada yangu, alikuja kusalimia tu. Akachungulia nyuma ya TV, akauliza, "Mama mdogo, nani kafunga hii?" Kumbe fundi aliunganisha king'amuzi kwa zile nyaya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Ule wa njano haupitishi HD hata TV iwe ya milioni ngapi. Unapitisha picha ya zamani ileile, mistari 576, wakati HD kamili ni 1080. Na waya wa HDMI, ule unaopitisha HD, ulikuwemo ndani ya boksi la king'amuzi, umeviringishwa, nailoni yake haijachanwa! Kijana akauchomeka, akaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi akachagua 1080, kisha kwenye TV akaondoa ule ukuzaji uliokuwa unakata picha pembeni. Hata chai haijapoa. Mzee alipoitwa alisimama mlangoni, akasoma matokeo na dakika akiwa palepale mlangoni. Nililia.

Si chaneli zote zinazorushwa kwa HD, hilo nimelielewa, na baadhi bado zina ukungu wake. Hizo simlaumu mtu.

Nilipiga simu dukani. Nikajibiwa fundi si mfanyakazi wao. Si mfanyakazi wao vipi, wakati hela yake nililipa kaunta na imo kwenye risiti?

Dada ananiuliza naye akanunue wapi. Juzi nilimwambia aende palepale, bei yao ni nzuri na kwenye TV hawakunidanganya, ila fundi wao amkatae. Leo naandika haya nimeangalia sakafu, michirizo ya miguu ya kile kiti bado ipo, inaelekea ukutani. Nimempigia tena. Nimemwambia asiende, atafute duka lingine, hata kama ni ghali.