Fundi wa kamera alotufungia msikitini: nyota nne, ya tano kaila waya

Watu wameniuliza sana huyu fundi wa kamera tulomleta msikitini kwetu huku Ng'ambo, mjini Unguja, kazi yake vipi, basi naandika hapa nisirudie rudie. Kamera nne, mashine ya kurikodia na ufundi, laki saba na nusu. Tulichangishana baada ya Ijumaa tatu mfululizo watu kurudi kwao peku, peku wallahi, mtu kaja na makubadhi mapya anaondoka anaruka ruka kwenye lami ya saa saba.

Picha safi, usiku haina rangi lakini sura unaijua. Inaweka wiki mbili kisha inajifuta. Kwenye simu inafunguka vizuri, bando likiwepo.

Sasa siku ya kufunga ndo palikuwa na kazi. Fundi akataka kamera moja aitie ndani, juu ya mihrabu, iangalie safu, ati ndo anavofanya kila pahala. Wazee wakakataa katakata. Mmoja akamwambia mwanangu, viatu vyaibiwa mlangoni, huku ndani wamtafuta nani? Kijana hakuelewa, 2012 alikuwa bado yuko chuo cha Kurani na juzuu amma yake. Sie tunakumbuka viongozi wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walivokamatwa, baadae wakapelekwa bara na kesi ya ugaidi, wakasota rumande miaka na miaka mpaka Juni 2021 DPP, mkurugenzi wa mashtaka, akaifuta kesi. Siku zile ukikaa darsa baada ya isha akaingia mtu humjui, maalim anahamia kwenye mas-ala ya udhu.

Na sisemi serikali isichunguze jamani. Sheikh Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali Novemba 2012 yuko kwenye mazoezi yake ya asubuhi, Padri Mushi akapigwa risasi Februari 2013 anakwenda kusalisha misa. Mambo kama hayo yachunguzwe tena mpaka mtu apatikane. Lakini mtafute alomwaga na alomtuma, usiitafute safu nzima ya waloswali isha. Polisi wa New York walijaribu hivo baada ya 2001, wakaunda kitengo cha kutia watu misikitini na mikahawani kusikiliza Waislamu wanazungumza nini, 2012 mkubwa wao mmoja akasema kwa kiapo kuwa toka ashike yeye kazi, ripoti za kitengo kile hazijafungua hata uchunguzi mmoja, na 2014 kitengo kikavunjwa. Hasara yake ndo hiyo, siku kijana kaanza kweli kusema maneno ya ajabu, wa mwanzo kuyasikia ni imamu na mama yake, nani ataenda kusema kwa watu anaojua wanamuandika na yeye?

Basi fundi, na hapa nampa haki yake, hakubishana. Kamera kaitoa ndani kaigeuzia kwenye birika la udhu. Namba ya siri akaiweka kwa watu wawili tu, imamu na mweka hazina, akatufundisha kukata kipande cha dakika tunayotaka na kukitia kwenye flashi. Kwa hiyo akija sheha, mkubwa wa mtaa, au polisi kutaka picha aseme siku gani, saa ngapi, kosa gani, atapewa na kahawa juu. Wiki mbili nzima za nani kaja kuswali alfajiri, hapewi mtu.

Ubaya ni waya. Kaupitisha nje bila paipu, masika yameingia kamera ya mlango wa nyuma imekufa, ukimpigia "kesho inshaallah", na hii kesho ina wiki ya tatu.

Viatu? Toka zifungwe vimepotea mara moja tu. Tukafungua picha, kumbe mzee yule yule aloikataa kamera ya ndani katoka na ndara moja yake na moja ya jirani yake, kaenda nazo mpaka nyumbani hana habari. Magharibi karejesha. Mkimchukua huyu fundi, pesa ya mwisho msimpe kabla hamjaiona paipu.