Mota ya brashi au isiyo na brashi: ipi ifungwe kwenye gari dogo la mashindano la rimoti?

Kwa mbio, funga isiyo na brashi, na iwe na sensa, yaani kihisi kinachoonyesha sehemu inayozunguka imefika wapi. Ile ya brashi ya saizi 540 yenye mizunguko 27 ya waya, inayokuja na magari mengi ya kuanzia, si mbovu. Tatizo lake ni kuchoka. Brashi mbili za kaboni husugua komuteta (pete ya shaba inayopeleka umeme kwenye waya zinazozunguka) muda wote, cheche zinaruka, shaba inaingia weusi, na gari linaanza kuachwa kwenye mnyooko huku dereva akilaumu betri.

Mota ya brashi iliyozibwa, ile ya kopo, ikichoka hutupwa. Inayofunguka hudai kazi: pima brashi na uzibadilishe zikibaki nusu, safisha komuteta, kisha tia tone moja la mafuta kwenye bushi zinazoshika shafti, kamwe si kwenye komuteta. Brashi mpya huzoeshwa kwanza kwa volti 3 hivi, bila mzigo, kwa dakika chache, mpaka nyuso zake zishike umbo la mviringo. Wanaoruka hatua hii huunguza komuteta siku ya kwanza.

Kwenye mota isiyo na brashi, sumaku ndiyo inayozunguka na waya zimetulia kwenye ganda, kwa hiyo kinachochakaa hasa ni beringi. Ila bei ya mota peke yake inadanganya. Kidhibiti mwendo cha waya mbili hakiwezi kuiendesha. Inataka cha waya tatu. Nunua seti.

Sensa ina maana gani? Bila hiyo, gari hutetemeka linapoondoka au likitoka kwenye kona ya taratibu. Zile waya tatu za kidhibiti na mota zifunge A kwa A, B kwa B, C kwa C. Ukizichanganya kwenye mota yenye sensa, unaweza kuunguza kidhibiti. Kwenye isiyo na sensa, kubadilishana waya zozote mbili hugeuza tu upande wa kuzunguka. Kebo ya sensa nayo ifungwe vizuri, maana hukatika kwa kuvutwavutwa.

Usibabaishwe na Kv kubwa, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Kv 3000 kwa betri ya volti 7.4 ni mizunguko 22,200 kwa dakika bila mzigo, na anayeanza hatazimudu. Mizunguko 17.5 ya waya inamtosha, 13.5 ina kasi zaidi, 21.5 ni ya upole.

Mota nyingi huuawa na gia. Anza na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno machache, endesha dakika 3, pima joto. Ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, punguza jino moja au mawili, kwa sababu sumaku ikizidiwa na joto hupoteza nguvu moja kwa moja.

Brashi bado inafaa mahali pawili: kwenye daraja ambalo kanuni zinamtaka kila mtu atumie mota ileile ya kopo, na kwenye magari ya kupanda miamba, ambako mota ya mizunguko 35 au 55 ya waya hutambaa laini bila kuhitaji sensa.